Mtutu Baridi wa Luteni Tveit

Maren Tveit alijua kulenga shabaha kabla hajajua kusoma saa, na jambo hilo ndilo nusura limharibie kazi ya uofisa.

Siku hizi ukipita hapa kwetu Haldane wakati wa theluji, utamkuta kwenye karakana ya kaunti akiwapanga madereva wa magari ya kukwangua theluji barabarani, kikombe cha kahawa mkononi, sauti yake ya chini kama ya mtu anayeongea kanisani. Wageni humdhania mpole. Sisi tunaomjua twacheka tu, maana mwanamke yule anaweza kukupa vidonge vyako bila kupandisha sauti, na ukaondoka huku unasema ahsante. Dhoruba ikipamba moto hashiki usukani wa gari hata moja, ingawa anajua kuendesha kuliko wote. Hukaa na redio. Wako wanaosema ni uvivu. Hao wananikera, na kwa ajili yao nasimulia.

Baba yake, mzee Arne, alilima ngano. Vuli ikifika walipanda milimani wawili, baba na binti, kuwinda kulungu wa kujaza friza ya msimu wa baridi. Arne alimpa risasi moja kila asubuhi. "Ukikosa, tunakula maharage," alisema, na kweli hakuwa mtu wa mzaha. Nyumba ile haikula maharage mara nyingi.

Jeshi lilimlipia chuo kikuu kule Bozeman, likamvisha cheo cha luteni, likamkabidhi platuni ya polisi wa jeshi na kuwatupa Afghanistan, kwenye bonde la Arghandab, katikati ya mashamba ya komamanga na zabibu. Platuni ilikuwa na mwenyewe tayari, Sajini Lucius Broussard wa Louisiana, bonge la mtu mweusi, mdomo haumlali, mwenye vita viwili mgongoni. Jeshini mambo ni hivi: luteni ndiye mkubwa, sajini ndiye mzoefu, na kila mmoja anajifanya halioni la mwenzake.

"Mimi mlezi wa maluteni, afande," Broussard alimwambia asubuhi ya kwanza, huku akimwagia mayai yake pilipili ya chupa. "Wengine wamekua, wengine wamenishinda tabia. Wewe unakula nini?"

"Chochote."

"Hapo sawa. Luteni mchagua chakula ni mkosi mtupu."

Walipigwa kwa mara ya kwanza kwenye kona ya barabara, magari yao ya deraya yakiwa yamefuatana. Maren aliruka chini, akajibanza nyuma ya tairi, akafanya alichofundishwa na baba yake: pumzi, nusu pumzi, kidole. Mtu aliyekuwa juu ya ukuta akaanguka. Pumzi, nusu pumzi, na wa pili akaanguka.

Koplo Yazzie, kijana wa kabila la Wanavajo ambaye ndiye aliyekuwa na jicho kali kuliko wote mpaka siku ile, alipiga mluzi. "Duh, afande! Sasa sisi tumekuja kufanya nini?"

Maren alisikia raha, na mpaka leo hafichi. Moyo wake ulitulia kama alivyozoea kule milimani, dunia yote ikawa ndogo, iko ndani ya darubini. Alichokuwa hasikii ni redio. Gari la mwisho lilikuwa limekwama nyuma, walio ndani hawajui wasonge mbele au warudi, wanamwita. Wakamwita tena na tena. Kipaza sauti cha redio yake kilikuwa kinaning'inia mlangoni mwa gari, hakina mtu. Broussard ndiye aliyekimbia chini ya mvua ya risasi akaenda kuwatoa, na mpiga rashasha wao, Pruitt, akatoka na kipande cha chuma begani.

Kambini vijana walimpongeza luteni wao, wakampiga mabega. Broussard akamwita nyuma ya makontena. Hakumfokea. Alivua glavu, akaushika mtutu wa bunduki ya Maren.

"Wa moto," akasema.

"Niliwapata wawili, Sajini."

"Nimeona. Yazzie angewapata. Pruitt angewapata. Hata mpishi angewapata, tukimbembeleza. Hapa wa kupiga bunduki wamejaa tele, afande. Wa kuniambia twende wapi ni mmoja, na yeye alikuwa anawinda."

Maren alikwenda akajifungia, akalia kwa aibu, akanawa uso, akatoka.

Tangu hapo ikawa desturi ya platuni. Kila wakirudi kutoka kwenye mapambano, Broussard alivua glavu mbele ya watu wote na kuushika mtutu wa luteni. Ukiwa wa moto, luteni anachoma choo. Vyoo vya kambi ile vilikuwa mapipa yaliyokatwa. Kilichokuwemo kilimwagiwa dizeli, kikawashwa, na mtu akasimama kukikoroga kwa ufito mpaka kiishe. Si kazi ya ofisa hata kidogo, na vijana hawakutaka kuikosa. Walileta viti.

"Koroga, afande, yasishike chini!"

"Onja chumvi kwanza!"

Alikoroga mara mbili, macho yanamchuruzika machozi ya moshi, na mara ya pili alikuwa anacheka pamoja nao. Baada ya hapo mtutu ukapoa. Akajifunza kusikiliza, na kujua kwa sauti tu nani ameogopa na nani anajitia hajaogopa. Akagundua kwamba akiongea polepole redioni, watu wake walio upande wa pili nao wanapumua polepole. Akajifunza kuuliza swali moja fupi na kungoja jibu, jambo ambalo maofisa wengi, tena wenye vyeo vikubwa kuliko chake, wanakufa hawajaliweza. Na platuni ikaanza kumwita "luteni wetu" mbele ya platuni nyingine, kwa maringo.

Basi siku moja walikuwa wakipita bustani ya komamanga kwa miguu. Broussard na kundi lake walitangulia. Maren alifuata nyuma na Yazzie na wengine. Mbele kulikuwa na nyumba ya kukaushia zabibu, kuta zake za udongo nene kuliko kifua cha mtu, na humo ndani rashasha ya adui ikaanza kutapika. Kundi la Broussard likajitupa kwenye mfereji wa maji na kunaswa humo humo. Akiinuka mtu, anakatwa. Pruitt aliinuka, akapigwa paja.

Maren alikuwa nyuma ya ukuta mfupi, kipaza sauti cha redio mkononi, akiita helikopta. Ikaja upesi. Rubani akasema kwa utulivu wa mtu aliye mbali na vumbi, "Nawaona watu mferejini. Naanza na hao."

"Hapana! Mferejini ni watu wangu. Piga nyumba iliyo kaskazini ya mfereji."

"Rudia. Sikupati vizuri. Nageuka, naja."

Hapo hapo mtu mmoja akatokea juu ya dari, yaani paa bapa la nyumba ile, akapiga goti, akaelekeza bunduki yake mferejini. Maren alimwona mzimamzima, mpaka kilemba. Alimwona pia aliyekuwa akilengwa. Broussard alikuwa anamburuta Pruitt kwa ukanda wa fulana ya kuzuia risasi, mgongo wote uko wazi.

Bunduki ilipanda begani kwake yenyewe, wala hakuiita. Umbali ule alikuwa akiangusha kulungu tangu utotoni. Pumzi moja tu, na mtu yule hayupo. Lakini ili apige ilibidi aachie kipaza sauti, na helikopta ilikuwa imekwisha kugeuza pua kuelekea mferejini.

Aliiachia bunduki. Ikaning'inia kwenye mkanda wake. Akamtandika Yazzie teke la buti, akamwonyesha dari kwa kidole, na redioni akasema polepole, neno baada ya neno, "Mferejini ni watu wangu. Watu wangu wako mferejini. Usipige mfereji."

Yazzie aligeuka, akatafuta, akaona. Alichelewa kidogo. Mtu wa darini alifyatua, na Broussard akaanguka juu ya Pruitt. Kisha Yazzie akapiga, na dari ikabaki tupu.

"Nimekupata," rubani akasema. "Mfereji ni wako. Naenda nyumba."

Nyumba ikaenda na wote waliokuwa ndani yake. Watu wa Maren wakatoka mferejini wamelowa matope, wakikohoa, wakiitana majina.

Risasi ilikuwa imempata Broussard mguuni, na madaktari wakamkata chini ya goti. Kabla hajapandishwa ndege ya kwenda kutibiwa Ujerumani, Maren aliomba usafiri mpaka hospitali ya kambi kubwa. Njia nzima alikuwa akijipangia maneno, na alipofika yote yakamtoka. Aliogopa kuliko alivyoogopa bustanini. Kama mtu huyu angemwambia amekosea, hakuona atawezaje kurudi na kumwambia askari yeyote fuata huku.

"Nilimwona, Sajini," akasema. "Yule wa darini. Ningempata."

"Najua ungempata. Nilikuona umenyanyua." Broussard alikuwa amepauka, midomo imekauka, lakini mdomo wenyewe ulikuwa mzima. "Nikasema, Mungu wangu, helikopta inatujia, mtoto huyu akipiga nitamuua kwa mkono wangu."

"Usinifanyie utani."

"Nani anafanya utani? Mguu wangu naulilia, afande. Nitaulilia mpaka nizeeke, na siku nyingine nitakulaani wewe kwa jina, ujue hivyo. Haya, niambie. Mferejini kulikuwa na nani?"

"Unawajua."

"Nitajie."

"Pruitt," Maren akasema.

"Yuko wapi Pruitt?"

"Kitanda kile pale. Anasumbua manesi."

"Mwingine."

Akawataja. Lindqvist. Baca. Dubois mwenye mke mjamzito. Kila jina Broussard aliuliza yuko wapi, na kila jina Maren alijibu yuko kambini, anakula, amelala, anacheza karata. Alipomaliza, machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta.

"Hao ndio wote," akasema.

"Sio wote. Umemsahau mmoja."

Maren alipitia majina upya kichwani, roho juu. "Hakuna mwingine, Sajini. Nimewataja wote uliokuwa nao."

"Na mimi je?" Broussard akasema. "Mimi nilikuwa wapi, sokoni? Nilikuwa mferejini, afande, na nipo hapa nakusema. Nitaje na mimi."

Maren alimshika mkono. Hakuwahi kumwita kwa jina lake hata siku moja.

"Lucius Broussard," akasema.