Nyumba ya Mabua

Mtoto wangu anajenga majumba kwenye simu, huku dirishani inaingia harufu ya mabua ya mtama yaliyonyeshewa. Harufu hiyo hunirudisha Mugeta, uani kwa bibi, miaka ile sabuni ilipokuwa adimu.

Binamu yangu alikuja kutoka Musoma na matofali ya plastiki, ya rangi, yanayoshikana. Nikanyoosha mkono.

"Acha! Wasichana hawajengagi."

Sikulia. Nilikwenda shambani nikachukua mabua, nikayamenya, nikayaunga kwa vijiti vya maganda yake mpaka nyumba ikasimama, na ngazi zake. Maganda yalinikata vidole. Binamu akaja, akaipiga teke. Nikaanza upya. Akaibomoa tena. Nikaanza upya, nikimtazama usoni.

Bibi akaniita nikachote maji.

"Siendi, bibi, mpaka nimalize."

Pale nyumbani hakuna mtoto aliyewahi kumjibu hivyo. Alikuja na fimbo, akayaona mabua yaliyotapakaa, akaiona damu vidoleni mwangu. Kisha akamgeukia binamu.

"Wewe mwenye miguu yenye nguvu, chukua debe uende kisimani."

"Bibi, mimi mwanaume!"

"Ndiyo maana halitakushinda."

Aliporudi ameloa mpaka kiunoni, nilikuwa naanza ghorofa ya pili.