Maji Ambayo Hayakutokota

Harufu ya mwaka ule wa mvua nyingi ni ya dawa ya maji, ile inayouma macho. Ilikuwa kwenye ndoo, kwenye mikono ya mama, hata kwenye uji. Kwetu ni nje kidogo ya Amagoro, ukielekea Malaba, na mto ulikuwa umefurika mpaka vyoo vya bondeni vikajaa na visima vikachafuka. Kipindupindu kikaingia. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo nitasema mambo kama yalivyokuwa, bila kuyapaka rangi. Kila usiku nililala nikisikiliza tumbo langu, na likinguruma kidogo tu nilijua nimekwisha.

Aliyetusimamisha ni jirani yetu, Mama Asio. Hakuwa daktari wala nini, alikuwa mkulima wa mihogo aliyefundishwa siku chache na watu wa afya. Alipita boma kwa boma, miguu mitupu kwenye tope, akituonyesha kuchanganya chumvi na sukari kwa mgonjwa, akituzuia kusalimiana kwa mikono matangani. Mpole hakuwa. Alifunua mtungi wako mbele ya mume wako na kukuuliza, "Haya yamechemka ama yameota jua?" Watu walimcheka wakamwita daktari wa tope. Lakini mgonjwa ambaye ndugu zake waliogopa kumgusa, yeye alimwosha, akamfunga kwenye baiskeli na kumsukuma mpaka hospitali.

Ugonjwa ulipopungua, kijiji kikaona ni lazima ashukuriwe. Watu wakachanga, akanunuliwa gambuti mpya. Wazee wakasema shukrani bila ajono si shukrani. Ajono ni pombe yetu ya wimbi: watu huzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na maji moto huongezwa pombe ikipungua. Mama Asio akakataa, maana yeye ndiye aliyekuwa amezuia vyungu tangu kipindupindu kiingie. Wakambembeleza mpaka akakubali kwa sharti moja: mirija ichemshwe, na maji yatokote hasa, yakisimamiwa na mtu asiyekunywa. Mama yangu akanitaja mimi. Nilisikia fahari, na hofu ikaja papo hapo, kwa sababu nilijua vile watu wazima wanavyokuwa na haraka wakishaketi kwenye chungu.

Jumamosi hiyo kuni zilikuwa zimelowa. Sufuria ya kwanza ilitokota, ya pili pia. Ya tatu ikakataa. Nilipuliza moto mpaka kichwa kikazunguka, na kule chini ya turubai Mzee Emuria, mcheshi wa kijiji, akaanza kunipigia kelele. "Wee Amoit! Unachemsha maji ama unachemsha mawe? Tunakauka huku!" Wote wakacheka, na mama akanitupia jicho. Maji yalikuwa yanatoa mvuke tu, hayajatoa hata povu moja. Nikaona haya. Nikaepua, nikayamimina chunguni. Mama Asio, gambuti zake miguuni, ndiye aliyepewa heshima ya kuvuta kwanza. Nilimwona akimeza.

Jumapili kanisani sikusikia sala hata moja. Nilikuwa nahesabu waliokuwa kwenye chungu. Watu kumi na wawili. Anayekohoa nilimtazama, anayetoka nje nilimfuata kwa macho. Jumatatu asubuhi Mama Asio hakupita kwetu kama kawaida yake. Nikakimbia kwake. Gambuti zilikuwa mlangoni, safi, na yeye amelala kwenye mkeka, midomo imekauka, jagi la maji ya chumvi na sukari kando yake.

"Mama Asio, maji ya tatu hayakutokota."

Alijiinua kwa kiwiko. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu."

"Na umekaa nayo tangu Jumamosi?"

"Niliogopa."

"Woga wako ungezika watu kumi na wawili. Zunguka boma zote, uwaambie kwa mdomo wako mwenyewe. Waweke chumvi na sukari karibu. Anza na mama yako."

Mama alinichapa kwanza, halafu akajifunga leso akanifuata. Mzee Emuria alicheka. "Tumbo hili limeshinda mengi, litashindwa na sufuria yako?" Lakini kabla hatujatoka tukamsikia akimuuliza mkewe sukari iko wapi. Boma la tano tulimkuta mama mmoja anahara tangu usiku, amejifungia ndani. Alikuwa anaona haya: atasemaje ameugulia kwenye sherehe ya mwanamke aliyetufundisha usafi? Aliposikia kosa ni langu, akakubali kubebwa hospitali. Yeye na Mama Asio wote wawili walipona. Kama ilikuwa sufuria yangu ama ni kitu kingine, hakuna aliyeniambia, na mimi sijaacha kujiuliza.

Siku hizi wahudumu wa afya wetu wanashukuriwa kwa tisheti, bendi na hotuba ndefu, na habari za ugonjwa zinafika kwa simu kabla ya ugonjwa wenyewe. Si vibaya. Mimi nami ni nyanya sasa, na wajukuu wangu wanasimama wima nikikohoa. Nilikuwa najisifu kwa hilo. Mwezi uliopita mkubwa wao alimwaga kwa bahati mbaya dawa ya malaria ya mdogo wake, akaogopa kuniambia, akajaza chupa maji nisijue. Siku mbili nilimnywesha mtoto mgonjwa maji matupu. Nilipogundua niliinua mkono, ukabaki hapo juu. Mama Asio alikuwa mkali kunishinda, lakini nilipokosea mimi, miguu yangu ilinipeleka kwake. Huyu wangu alinikimbia. Mdogo amepona. Mkubwa bado akinisikia mlangoni huacha kucheza, na mimi sijui woga kama huo hutolewa vipi ndani ya mtoto.