Nilimnyima Rafiki Yangu Mkono Mbele ya Watu wa Kitengela

Admin, nifiche jina tafadhali, kuna watu wa kazini kwetu wanafuata hii page. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na saba, Mmaasai, kwetu ni upande wa Ewuaso Kedong. Nimepanga nyumba Kitengela na bibi yangu, ambaye ni wa Western, pamoja na watoto wetu wawili. Nafanya kazi ya stoo kwa yadi ya simiti na mabati. Wale mmekuja kutafuta hadithi ya mpango wa kando, mnaweza pita, hii si yenu.

Niko na rafiki, ama nilikuwa naye, sijui tena niseme aje. Tulichunga pamoja, tukatahiriwa msimu mmoja, na tulipopona akanipa mbuzi wake wa kwanza, jike, yule alikuwa anampenda sana. Kwetu mtu akikupa mbuzi hivyo, majina yenu yanaishia hapo. Yeye ananiita Pakine na mimi namwita Pakine, maanake mtu wangu wa mbuzi. Kwa hiyo miaka yote sijawahi sikia akiniita jina lingine. Na kwetu pia watu wa rika moja wakitembea wanashikana mikono, vidole ndani ya vidole. Hata wakibishana juu ya ng'ombe, wanabishana wakiwa wameshikana. Hakuna mtu anageuka kuangalia.

Sasa Kitengela si Ewuaso. Mwaka jana Pakine alikuja kunitembelea, tukatoka steji mpaka kwa yadi tukiwa tumeshikana vile tumezoea. Kijana mmoja wa kupakia simiti akatupiga picha kwa nyuma, akaituma kwa grupu ya kazi. Walicheka wiki nzima. "Mtu wa stoo ameleta bibi wa pili," mmoja akaandika. Mwingine akaandika lile neno mnajua, siwezi kulirudia hapa. Nikacheka na wao, mimi mjinga. Nyumbani bibi yangu akaiona hiyo picha kwa simu yangu. Akaniambia polepole, "Baba watoto, najua ni desturi yenu. Lakini hapa tunaishi na watu. Nisingependa watoto wachekwe." Hakuwa na ubaya.

Basi miezi minne iliyopita Pakine akatokea kwa geti ya yadi saa nne asubuhi, bila kupiga simu. Tulikuwa tunashusha mzigo kwa lori, vijana wote wako nje. "Supa, Pakine," akanisalimia. "Ipa," nikamjibu. Akanyoosha mkono ashike wangu twende kando kidogo. Nikaona vijana wameacha kushusha, wanatungoja. Nikaingiza mkono kwa mfuko. Si ati nilikuwa natafuta kitu, niliuingiza tu, nikamwambia, "Ongelea hapa, niko na kazi." Aliangalia huo mfuko wangu. Akasema, "Hakuna kitu, nilikuwa napita." Akaenda. Na nitasema ukweli hata kama mtanichukia: alipopotea pale barabarani, nilisikia afueni.

Siku mbili baadaye ndugu yangu akanipigia simu. Bibi ya Pakine alikuwa amefariki akijifungua, yeye pamoja na mtoto, alfajiri ya siku ile ile. Pakine alitoka hospitali huko Kajiado akaja kwangu kwanza, kabla hajaambia mtu yeyote, hata mamake mzazi. Alikuja nimshike mkono. Hakuna kitu kingine alikuwa anataka kwangu.

Nilienda mazishi. Alikuwa amesimama anapokea wageni, na nilipofika akanisalimia vile anasalimia chifu, mkono mara moja na kuachilia, akaniita jina langu la kitambulisho. "Asante kwa kufika," akasema. Watu walipoanza kutawanyika nikamfuata nyuma ya boma, nikamshika mkono, vidole ndani ya vidole. Hakunipokonya. Aliuacha tu hapo ndani ya wangu, umelegea, halafu akasema bila hasira yoyote, "Hapa unaweza. Hakuna mtu anakuona."

Hayo maneno nayasikia nikikula, nikioga, nikihesabu mifuko ya simiti. Juzi nililia mbele ya bibi yangu, kitu sijawahi fanya tangu tuoane. Akaniuliza kama bado namlilia bibi ya Pakine. Nikasema ndio. Ningemwambia aje ati nalilia mwanaume mwenzangu aliye hai, na nampenda, na si kwa ile njia watu wanafikiria? Najua kuna wenye watakuja kwa comments na lile neno la grupu. Andikeni tu. Kama singeogopa hilo neno siku hiyo, leo singekuwa hapa.

Nimemwomba msamaha mara tatu, mara moja nikiwa nimepiga magoti kwa mchanga. Kila mara anasema hakuna shida, hiyo iliisha. Nikipiga simu anashika. Anauliza watoto wako aje, kama mvua imenyesha huku, ananiaga vizuri. Angenitukana ningejua pa kuanzia. Wazee nimewaeleza, wakamwuliza, akawaambia hana kesi na mimi, na wao wakaona wamemaliza kazi.

Wanaume wenye mko hapa, na nyinyi akina mama pia, nisaidieni mawazo. Msiniambie nimpelekee mbuzi, atampokea na kusema asante. Msiniambie nimpe muda, kwa sababu kila mwezi ukipita anazidi kuniongelesha kwa heshima. Mimi nifanye nini na mtu ambaye amenisamehe na hanitaki tena?