Lebo Niliyombandikia Shangazi

Laiti mchana ule ningelimkatalia kaka Elia! Juzi nilimwona mjukuu wangu akibandika majina yaliyochapwa kwenye kadi za Krismasi, nikahisi tena ulimini ladha ya gundi ya utotoni.

Baba alikuwa na duka la mbegu Kikatiti. Kila Krismasi bahasha za kadi za wateja zilibandikwa lebo za majina zilizochapwa mjini, lakini za ndugu aliziandika kwa mkono wake mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kulamba lebo na kubandika, huku maganda ya kahawa yakinuka uani.

Kwenye bahasha ya shangazi baba aliandika, "Kwa dada yangu mpendwa." Ila shangazi alinunua mbegu kwetu, kwa hiyo lebo yenye jina lake nayo ilikuwepo kati ya zile za wateja. Nami nilikuwa na kinyongo naye. Jumapili iliyotangulia alinicheka mbele ya watu nje ya kanisa: "Tazameni miguu ya mbuzi hiyo!"

"Funika hayo maandishi," kaka alininong'oneza. "Naye ajione mteja."

"Baba akijua?"

"Atajulia wapi? We bandika, miguu ya mbuzi."

Nikabandika, nikaikandamiza kwa ngumi, roho ikiburudika. Nilidhani angenuna siku moja, kisha aje kula pilau kama kawaida.

Hakuja. Sokoni alimwambia mama, "Mwambie mumeo, mteja hali nyumbani kwa mwenye duka." Baba alidhani dada yake ameingiwa na kiburi, nami nikanyamaza. Hawakuzungumza tena. Tulimzika baba, na dada yake hakuwepo.