Fundi wa kaseti wa Goma na wimbo aliouogopa

Saa tatu asubuhi, mtaa wa Virunga, Goma. Séraphine Mukakalisa anachomeka kalamu ya Bic kwenye tundu la kaseti na kuizungusha taratibu, ulimi kaubana kwenye pembe ya mdomo. Tayari amewarudisha wateja wawili mlangoni. "Leo sifanye kazi ya mutu," amewaambia. "Leo ni yangu."

Kazi ya mama huyu wa miaka 49 ni kuhamisha nyimbo kutoka kaseti za zamani kwenda kwenye simu. Hutoza faranga elfu tano kwa kaseti moja, na wiki ikiwa nzuri hupata kaseti kumi. Hajatajirika, lakini binti yake Bénita anasoma.

Kaseti nyingi anazoletewa zilirekodiwa nyumbani, kinasa sauti kikiwekwa mbele ya redio: nyimbo laini za mapenzi, za Kifaransa na Kiingereza, kinanda cha polepole na mwimbaji anayelia utadhani kaachwa jana. Wateja wake, watu wazima wenye mvi, husimama pale mezani wakiimba maneno ambayo tangu utotoni hawajui maana yake. Mwandishi wa makala haya ni mmoja wao, na haoni haya kusema hivyo.

Mwanzoni Séraphine alikuwa akisafisha kila kelele kwa kompyuta yake. Hadi muzee Donat, mwalimu mstaafu, aliporudi siku ya pili amenuna.

"Mama, umenirudishia wimbo muzuri," alimwambia. "Lakini bibi yangu ako wapi?"

Siku waliporekodi wimbo ule, marehemu mkewe alikuwa akiufuatisha kwa sauti ya chini, na Séraphine alidhani ni mngurumo wa redio. Bahati nzuri kaseti yenyewe ilikuwepo, kazi ikarudiwa. Tangu hapo hafuti kitu kabla ya kuuliza: "Hii sauti ni ya nani?"

Anacheka akisimulia, kisha anaitazama kaseti iliyo mkononi. Maana yeye mwenyewe aliwahi kumfuta mtu, tena kwa makusudi.

Ilikuwa mwaka 1989 huko Rutshuru, nyumbani kwa wazazi wake wakulima. Kila Jumapili alasiri redio ilipiga nyimbo walizoomba wasikilizaji, na Séraphine, wakati huo miaka kumi na mitatu, ndiye pekee aliyeruhusiwa kugusa kitufe cha kurekodi.

"Kama nimefinya, hakuna mutu alipashwa kusema," anakumbuka. "Papa alikuwa anafukuza hata kuku!"

Jumapili moja ukapigwa wimbo aliokuwa ameungoja miezi miwili. Ulipofika katikati, mama yake, Dative, akaita kutoka jikoni: "Sera! Maharage inaungua!" Maneno hayo yakaingia kwenye kaseti, juu kabisa ya kiitikio.

"Nilikasirika, wee! Niliacha mashini inazunguka mpaka mwisho, nikatoka. Siku mbili sikumusemesha."

Wiki iliyofuata wimbo ulirudiwa. Séraphine akarudisha utepe nyuma na kurekodi juu ya ule wa kwanza. Wimbo ukawa safi, mama hayumo.

Dative alifariki mwaka 1996. Picha yake pekee iliteketea mwaka 2002, lava ilipopita juu ya nyumba ya Séraphine hapa mjini.

"Sura yake niko nayo mu kichwa," anasema. "Sauti ndiyo ilinikimbia. Nikitafuta yake, nasikia yangu."

Mwezi uliopita kaka yake Onésime, anayeishi bado Rutshuru, alikuwa akibadilisha mabati ya nyumba ya wazazi. Katika sanduku la baba yao akaikuta kaseti ile, akaituma Goma kupitia dereva, imefungwa ndani ya soksi. Utepe ulikuwa umeota ukungu. Séraphine aliusafisha, akauhamishia kwenye ganda la kaseti ya mahubiri, kisha akauweka kwenye rafu wiki tatu nzima bila kuugusa.

Sababu ya kwanza ni ya kifundi: utepe mkuukuu hivyo unaweza kukatika ukichezwa mara moja tu. Ya pili ni nzito zaidi. Anakumbuka kwamba ile mara ya pili mtangazaji aliukatiza wimbo kabla haujaisha, naye Séraphine akazima kinasa palepale. Kwa hiyo baada ya hapo huenda kimebaki kipande cha mwisho cha rekodi ya kwanza, sekunde chache ambazo hakuzifuta.

"Ama kuna mama, ama kuna kuku tu," anasema, na safari hii hacheki. "Kama sijasikiliza, bado naweza kuamini ako ndani."

Betri ya sola imechajiwa tangu jana, umeme usije ukamkatikia katikati. Kompyuta iko tayari kupokea. Anafinya kitufe.

Wimbo unatoka umechakaa, lakini ni wenyewe. Séraphine anaimba nao kwa dakika tatu, bila kujua neno hata moja. Mtangazaji anaingia, anakatwa. Kitufe kinalia. Kisha mwisho wa wimbo uleule unaanza tena, na nyuma yake mlango unafunguliwa. Mwanamke, asiyejua kwamba msichana ameshatoka, anasema, karibu kabisa na redio, bila hasira hata kidogo:

"Sera, kuya kula, mutoto wangu. Ule wimbo batapiga tena."

"Nakuya, mama," anajibu Séraphine, na kufunika uso kwa kitenge. Analia kwa sauti. Mwandishi huyu naye hakubaki nyuma.

Alipotulia, aliwatumia ndugu zake wote kipande hicho kwa simu, kisha akatangaza mpango. Jumapili ijayo anakwenda Rutshuru na Bénita, ambaye hakuwahi kumsikia bibi yake. Watapika maharage, watapiga wimbo mzima mezani, na Bénita atarekodi.

"Na hakuna mutu atanyamaza," anasema Séraphine, akiirudisha kaseti ndani ya soksi yake. "Hata kuku, baache bapige kelele."