Kaka Getini, Gari Gereji

"Na kama ulijua tangu Jumanne kwamba hedi ya injini imepinda, kwa nini jana ulinituma nyumbani nikafunge mizigo?"

Fundi alikuwa amelala chini ya gari la mtu mwingine, inaonekana miguu tu, na miguu haina uso wa kuona haya. Chaji akaigusa soli ya kiatu cha fundi kwa ncha ya kiatu chake. Hakumpiga, alitaka tu ajue kwamba leo hakuna utani.

"Nakuuliza wewe."

"Nakusikia, mdogo wangu. Saa tisa inatoka."

Mtaa mzima ulimwita huyo fundi Saa Tisa, na mwenyewe alidhani ni sifa. Ukimpelekea gari hakuambii siku wala tatizo, anakutajia saa. Ni saa tisa ya leo, ya kesho au ya mwaka ujao, hilo utajaza mwenyewe.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, saa tano asubuhi. Kesho yake, Ijumaa saa tatu, kaka yake Chaji alikuwa anatoka jela baada ya miaka saba.

Chaji ana kibanda cha kutengeneza simu, kibanda chenyewe upana wa kabati. Akikaa yeye, mteja anasimama nje. Ana miaka ishirini na sita na mdomo mrefu kuliko shule aliyosoma, na hasira anazo karibu, kama mtu aliyezitia kwenye mfuko wa shati. Hasira hizo ni za familia. Kaka mtu alimpiga mtu ngumi moja tu, ngumi ya kugombea maegesho, yule mtu akaangukia ukingo wa mtaro na hakuinuka tena. Ngumi moja, miaka saba. Mama yao akawa mtu wa kukaa mlangoni akitazama barabara kama vile kuna mtu ametumwa dukani akachelewa.

Gari lilikuwa la kaka. Lilibaki nyuma ya nyumba limefunikwa turubai, likahama nao walipohama, likiburutwa kwa kamba. Miaka miwili Chaji amelifufua kipande kwa kipande: leo kioo, mwezi ujao tairi, viti akavishona mwenyewe kwa sindano ya magunia. Mara ya mwisho alipokwenda kumwona jela, miezi tisa iliyopita, kaka alimsogelea kwenye wavu akasema kwa sauti ya chini, "Nikitoka usinipandishe basi. Nimetazamwa miaka saba, sitaki kutazamwa tena njia nzima. Njoo na gari letu."

"Nitakuwa hapo getini kabla hawajafungua," Chaji akasema.

Mtu akishasema neno kama hilo mbele ya wavu wa jela, limemkaa shingoni.

Mpango wa kwanza ulikuwa mzuri. Aondoke Jumatano mchana, alale kwa shangazi yao njiani, Alhamisi afike kile kitongoji kilicho karibu na gereza, aoshe gari ling'ae, Ijumaa saa moja awe getini. Lakini Jumatatu alipolitoa kulijaribu, gari likachemsha. Mvuke ukapanda juu ya boneti kama sufuria ya maharage. Jumanne Saa Tisa akafungua injini, akatoa hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, akaitazama kwa jicho moja. Alichokiona hakukisema. Alisema kazi ndogo, gasketi tu, Jumatano unasafiri.

Wenye magari wanalijua hili, na asiyelijua alijue: gari likishafunguliwa hedi, wewe si mteja tena, ni mateka. Huwezi kulivuta ulipeleke kwingine, maana vipande viko kwenye beseni la mafuta na ni yeye tu anayejua kipi kinaingia wapi. Ndiyo maana mafundi wengine hufungua magari matano kwa siku moja. Si kwamba watayamaliza. Wanayafunga yasiondoke.

Jumatano hedi ikapelekwa kwa wachonga vyuma ikanyooshwe. Kule umeme ukakatika. Chaji akapanga upya: sasa aondoke Alhamisi asubuhi, kwa shangazi apite bila kulala. Akampigia shangazi kumwambia asipike. Shangazi akasema ameshapika. Akampigia afisa wa gereza aliyempa namba yake siku ile ya wavu, simu ikaita mpaka ikachoka. Akamwandikia ujumbe. Haukujibiwa.

Sasa ndiyo hiyo Alhamisi saa tano, hedi imerudi, iko mezani inang'aa kama sahani, na Saa Tisa yuko chini ya gari la mtu mwingine.

Mama akapiga simu. Alikuwa ametandika kitanda cha kaka tangu Jumapili na hataki mtu akikalie. Akauliza gari limefikia wapi, Chaji akamweleza. Mama akasema kuna basi la saa saba, amesikia kwa jirani, linafika usiku lakini linafika.

"Panda hilo basi, mwanangu. Liache hilo bati."

"Mama, nimemwahidi gari. Saa tisa linatoka."

Alipojisikia akilitamka lile neno kwa mdomo wake mwenyewe, akaona haya. Lakini hakupanda basi. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akalisikia basi la saa saba likipiga honi barabara kuu, akaendelea kukaa. Kichwani alimwona kaka akiinama kuingia kwenye gari lake mwenyewe, akishika kile kiti kilichoshonwa, akicheka. Picha hiyo ndiyo iliyomkalisha. Usimlaumu fundi peke yake.

Saa kumi na moja jioni hedi ilikuwa imefungwa, nati zimekazwa, kila kitu mahali pake isipokuwa pale mbele, palipokuwa na tundu lililomtazama Chaji kama jicho lililong'olewa.

"Pampu ya maji iko wapi?"

Saa Tisa akafuta mikono kwenye kitambaa kichafu kuliko mikono. Akasema kuna mteja mmoja, kelele nyingi, alikuwa anampeleka bibi harusi, gari aina ileile. Akamwazima. Ya kurudishia ingekuja leo, haikuja. Kesho duka likifunguliwa tu, saa moja, inafungwa, saa mbili Chaji yuko barabarani.

"Umetoa kifaa kwenye gari langu, ukampa mtu."

"Nimemwazima."

Chaji akamshika kola. Watu wa gereji wakaacha nyundo zao, maana walimjua yeye na walikuwa wamesikia ya kaka yake, na kila mmoja akakumbuka ngumi ile. Saa Tisa hakujitoa. Mtu mzima yule, mvi kidevuni, akabaki amening'inia kwenye kola yake, akasema taratibu kabisa:

"Simu ya mke wangu ilikaa kwako wiki mbili, mdogo wangu. Kila siku unamwambia njoo jioni. Mwisho akaipata, kioo si chake. Kina mkwaruzo pembeni. Cha kwake ulimpa nani?"

Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Chaji alimkumbuka vizuri yule aliyempa: mteja mmoja mkali aliyekuwa anasafiri siku hiyohiyo. Aliyepiga kelele ndiye aliyehudumiwa, na mama wa watu mpole akaambiwa njoo jioni. Ndivyo kazi inavyokwenda, kwenye simu na kwenye magari. Akaiachia ile kola, hata akainyoosha kidogo, akarudi kukaa kwenye tairi.

Ijumaa alfajiri lilikuwepo basi la saa kumi na mbili. Lingemfikisha mchana, kwa kuchelewa, lakini mchana. Hakupanda, duka la pampu lilikuwa linafunguliwa saa moja. Lilifunguliwa saa mbili kasorobo. Saa tatu kamili injini ikawaka, ikaunguruma vizuri, Saa Tisa akatabasamu kama aliyeitengeneza kiwandani. Na saa tatu hiyohiyo, kilomita mia tatu na kitu kutoka hapo, mtu alikuwa anakabidhiwa mfuko wa nailoni wenye nguo zake za miaka saba.

Halafu maji yakaanza kudondoka chini ya gari. Tone, tone, halafu mfululizo.

Chaji hakugomba. Aliweka funguo juu ya boneti akaondoka, na walikuwepo waliosema ule ukimya wake uliwatisha kuliko kola ya jana.

Basi la saa nne. Alipata kiti cha nyuma, juu ya gurudumu, kati ya mama mwenye masanduku na mtu anayelalia kila bega. Njia nzima alikuwa anapiga hesabu ambayo haikubali: nikifika saa kumi, pikipiki kilomita kumi na nne, saa kumi na nusu. Atanisubiri. Anajua nitakuja. Atafikiri ni pancha. Nani hapati pancha? Akampigia tena afisa, akampigia tena.

Alifika getini saa kumi na moja kasorobo. Kulikuwa na benchi la saruji, kivuli kimeshalihama, na askari mmoja anakula karanga.

Chaji akasalimia, akataja jina la kaka. Askari akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye mdogo wake? Wa gari?"

"Ndiye mimi, afande."

"Ametoka saa tatu. Amekaa hapo," akaonyesha benchi kwa kidevu. "Kila gari likitokea kule kwenye kona, anasimama. Likipita, anakaa. Saa nane nikamwonea huruma nikampa simu yangu. Alikuwa na namba yako kwenye kikaratasi. Akapiga mara mbili. Wanasema namba hiyo haipo."

Fundi simu hubadilisha laini kama soksi. Hii anayotumia Chaji ana nayo mwezi wa tano sasa. Ya zamani aliizima bila kufikiri, akawaarifu wateja wake wote, mmoja mmoja, wasije wakapotea.

"Alisema nini?"

"Mimi nilimwambia kaa, watakuja. Akasema, 'Hapana, afande, hawa wamebadilisha namba nisiwapate. Na wana haki.' Akanishukuru kwa simu. Kama saa tisa na kitu hivi, akachukua mfuko wake akaondoka kwa miguu."

Chaji akauliza kuhusu yule afisa aliyekuwa akimpigia. Askari akasema huyo yuko likizo mwezi huu.

Akarudi barabarani mbio na yule mwenye pikipiki aliyemleta. Wakauliza kila mtu. Muuza duka wa njia panda alimwona: mtu mrefu, shati la mtindo wa zamani, aliomba maji, akauliza lori la mbao linaelekea wapi. Linaelekea wapi? Muuza duka hakujua. Ni malori tu, yanapita. Mtu huyo akapanda nyuma, juu ya mbao.

Na nyumbani kaka hapajui. Walihama mwaka wa tatu wa kifungo, kwa sababu ndugu wa marehemu walikuwa wanapita mlangoni kila jioni. Mtaa mpya kaka alitajiwa mara moja tu, kwenye wavu, watu kumi wanapiga kelele pembeni.

Huu ni mwezi wa pili. Kwa shangazi kaka hakutokea. Chaji amekwenda mtaa wa zamani mara sita, polisi mara mbili, kwenye viwanda vya mbao ndio hata hajui amefika vingapi. Laini ya zamani alijaribu kuirudisha, wakamwambia imeshapewa mtu mwingine. Alimpigia huyo mtu akamwomba, ukipigiwa na sauti nzito, mwambie nyumbani wanamtaka. Mtu huyo akamwona kichaa, akakata.

Mama hamwulizi kitu. Angegomba ingekuwa afadhali. Kitanda hakijakaliwa. Gari limeshatoka gereji, linakwenda kama jipya, na Chaji hawezi kuingia ndani yake. Analipita pembeni, anapanda gari la abiria kwenda kibandani, na huko akipokea simu ya mtu siku hizi anasema ukweli mpaka wateja wanakimbia.

Sasa wewe unayesoma haya ukiwa umekaa kwenye tairi la gereji, na kuna mtu mahali fulani anakusubiri: inuka. Liache hilo gari, panda chochote kinachokwenda, nenda. Kama una namba mpya, mtumie leo yule asiye na simu, hata kwa barua. Na wewe fundi, wa magari, wa simu, wa viatu, yeyote unayeshika kitu cha mtu, unayo kazi moja kabla hujala. Mpigie yule uliyemdanganya asubuhi. Mwambie leo haiwezekani. Mpigie sasa hivi.