Babu wa Mwavuli

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu alikaa barazani na kitabu chake cha historia, miguu kaifunika kwa khanga yangu kwa sababu ya baridi, akawa anakariri kwa sauti majina ya wale Wazungu wa kwanza waliopita nchi yetu. Anayataja moja baada ya jingine, na katikati anatafuna karanga. Mimi nilikuwa napepeta ulezi. Ungo ukasimama wenyewe mikononi. Nilitaka kumwambia, taratibu mwanangu, hao ni wazee wa watu. Nikajitia kupepeta. Angeona bibi yake kaanza kuchanganyikiwa.

Lakini wewe nitakueleza, maana najua utanisikiliza mpaka mwisho.

Mimi nilifika shule ya kati. Kwa mtoto wa kike wa miaka ile darasa la tano halikuwa jambo dogo. Tulikuwa thelathini na wawili, wasichana wanne tu, na majina yote ninayo kichwani mpaka leo kwa mpango wa daftari la mahudhurio, wavulana kwanza, halafu sisi. Langu lilikuwa la mwisho. Kila asubuhi mwalimu akishaniita mimi, nami nikajibu "Nipo, mwalimu," ndipo anafunika daftari, na siku inaanza.

Kijijini kwetu hakuna mtoto mwingine aliyevuka darasa la nne mwaka ule, kwa hiyo njia ya shule niliikata peke yangu, kwenda na kurudi. Nchi yetu unaijua. Nyasi, kilima, nyasi tena, na upepo. Mtu unamwona anakuja tangu akiwa kama punje ya ulezi. Mnakutana, unapiga goti, unamwamkia, mnapishana, basi, unabaki na upepo wako. Nilizoea kuongea mwenyewe njiani. Mpaka leo naongea mwenyewe, na mjukuu ananicheka.

Somo la historia lilikuwa Jumanne na Alhamisi, baada ya mapumziko. Darasa lilinuka chaki na moshi, kwa kuwa mashati yetu yalikauka juu ya meko, na mifukoni kulikuwa na viazi vya kuchoma ambavyo hakuna aliyetaka kumgawia mwenzake. Kitabu kilikuwa kimoja, cha mwalimu. Yeye alikuwa kijana kutoka Mbeya, mrefu, koti lake lina kiraka kwenye kiwiko kimoja tu, na alichora ramani yake mwenyewe juu ya kitambaa cha gunia. Anasoma, anaonyesha kwa fimbo ya mwanzi, sisi tunaandika. Akimaliza anakipitisha kitabu dawati kwa dawati tuone picha. Walikuwa wapelelezi watatu. Wa kwanza kafunguliwa mwavuli juu ya kichwa. Wa pili kavaa buti zinazofika magotini. Wa tatu ana miwani ya duara, kama anayeshangaa kwa nini tunamtazama.

Jumanne mwalimu alikuwa na mtindo wake. Anatutoa nje tufanye msafara. Mvulana mmoja anakuwa Mzungu, anashika mwavuli wa mwalimu, wengine wote wapagazi. Na mizigo ni ya kweli! Tunabeba matita ya nyasi kichwani, tunazunguka kilima cha shule huku tunaimba, tunateremka hadi bustanini. Unajua kilimo chetu, matuta yale ya duara, nyasi unazifukia ndani zioze ndipo udongo unashiba. Msafara ukifika, nyasi zinafukiwa, somo limekwisha.

"Kila Jumanne Mzungu anavumbua bustani ya mwalimu," alisema jirani yangu wa dawati, na sisi tuliokuwa karibu tukacheka hadi matita yakaanguka.

Huyo jirani wa dawati alikuwa wa thelathini na moja, mimi thelathini na mbili. Alitoka Wampembe, huko chini ziwani, amekuja kukaa kwa shangazi yake hapa mjini Sumbawanga ili asome. Alichukia baridi yetu, alichukia ugali wetu wa ulezi. Alisema ni mweusi kama jembe. Alikuwa na dagaa wakavu kwenye kitambaa, na ndiye mtu pekee shule nzima aliyenigawia kitu bila kuombwa. Nadhani tuliokotana kwa sababu ya upweke. Yeye alikuwa mbali na ziwa lake, na mimi nilikuwa mbali na kila mtu.

Sasa sikia kilichoniponza.

Jioni moja nilikuwa nasaga ulezi nyumbani, nakariri somo kwa mwendo wa jiwe, majina ya wale watatu. Bibi yangu aliyenilea akaacha kuchochea moto.

"Hao unaowaita ni akina nani?"

"Wazee waliopita huku zamani, Bibi. Ni wa somo."

"Wako hai?"

"Walishakufa."

Akanijia, akanishika mkono uliokuwa na unga. "Wazee wa watu, tena marehemu, na wewe unawarusharusha majina kama unaita mbuzi? Marehemu akiitwa na mtoto, anageuka kuangalia nani kamwita. Akigeuka akakuona wewe, utamjibu nini?"

Kwetu mkubwa hatajwi jina. Hata babu yangu nilikuwa sijui anaitwaje mpaka tulipomzika, padri alipomtaja kanisani, nikadhani tumekosea maiti. Tangu jioni ile majina ya wale watatu yalikuwa yananikaa kooni. Kuandika niliandika, bibi hakukataza kuandika, na katika mitihani ya karatasi nilikuwa wa kwanza au wa pili. Ila kuyasema sikuweza. Kichwani nikawapa majina ya heshima: Babu wa Mwavuli, Babu wa Buti, Babu wa Miwani.

Jirani yangu nilimweleza. Hakucheka sana. "Kwetu marehemu wana ziwa lote la kutazama," akasema. "Hawana muda wa kukugeukia wewe." Halafu akaleta ujanja. Mwalimu akiniuliza, mimi naandika jibu upesi kwenye daftari, nasimama, nakohoa. Yeye anainama chini kama anafunga kamba ya kiatu na kusema jina. Mimi nachezesha midomo, yeye anatoa sauti. Kiatu chenyewe hakuwa nacho! Mwaka karibu mzima tulikwenda hivyo. Sauti zetu zilifanana, au ndivyo tulivyojidanganya.

Ukafika mwisho wa mwaka. Darasa la sita lilikuwa na madawati machache kuliko sisi, na aliyechuja alikuwa mkaguzi. Alikuja kwa gari, vumbi lake tuliliona tangu mbali. Siku ile bibi alinipaka mafuta mpaka magotini. Mkaguzi hakutaka karatasi. Alitaka kusikia. Akaita mmoja mmoja mbele, kwenye ubao, kwa mpango wa daftari, lakini akaanzia mwisho. Yaani kwangu.

Kutoka dawatini hadi ubaoni ni hatua tisa. Nilizihesabu.

"Mpelelezi wa kwanza kufika ziwa letu aliitwa nani?"

"Babu wa Mwavuli, Bwana."

Darasa likapasuka. Hata viazi vilidondoka mifukoni.

"Nani?"

"Alitokea pwani, Bwana. Aliugua njiani, akabebwa."

"Nimekuuliza jina."

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya mkaguzi, nikamwona anachezesha midomo. Jina lote, silabi kwa silabi, bila sauti, macho yananiomba. Ndipo nikafahamu kwamba siku zote alikuwa anajua ujanja wetu, na alikuwa ametuachia tu. Nilifungua kinywa. Nakuapia nilifungua. Nikaona mgongo wa mtu, mbali sana kwenye nyasi, mwavuli juu, na nikaona shingo inaanza kugeuka. Nikafunga kinywa.

Nyuma darasani mtu akakohoa kikohozi chetu, na jina likasemwa wazi.

"Nani huyo? Njoo mbele," alisema mkaguzi. Jirani yangu akaja. Akaulizwa la kwanza, la pili, la tatu, akajibu yote bila kusita, mambo aliyoyasoma mwaka mzima kwenye daftari langu. Mimi nikaambiwa nikakae.

Ijumaa majina yakasomwa. Lake lilikuwemo. La mwisho kusomwa lilikuwa la thelathini na moja, na daftari likafunikwa hapo.

Mwalimu alikuja nyumbani Jumapili yake, kwa miguu. Bibi yangu alimpokea kwa heshima zote, akampa kigoda, akamwekea na togwa. Mwalimu akasema, "Mama, mtoto huyu anaandika yote. Kwa nini hataki kusema majina?" Bibi akasikiliza kisa chote, mpaka kwenye mkaguzi na madawati. Akauliza taratibu:

"Mwanangu, baba yako yu hai?"

"Alifariki, Mama."

"Aliitwa nani?"

Mwalimu akafungua kinywa. Akatazama togwa yake. "Sisi tulikuwa tukimwita Mzee," akasema.

Alikuwa amefahamu, lakini gari la mkaguzi lilishaondoka na karatasi zake. Alipoaga alinipa kipande cha chaki. Sijui kwa nini chaki. Labda ndicho alichokuwa nacho mfukoni.

Bibi yangu hakuniomba msamaha, wazee wetu hawakuwa na desturi hiyo. Jioni alinisagia yeye, akanipikia uji, akanipa kwenye bakuli lake mwenyewe ambalo hakuna mtoto aliyewahi kunywea. Nikanywa peke yangu, yeye akiangalia moto. Kesho yake nikachukua jembe.

Nikikuambia sikuwa na kinyongo na jirani yangu wa dawati nitakuwa nakudanganya, rafiki yangu. Nilikuwa nacho, mwaka mzima. Upepo ukielekea kwetu nilikuwa nikisikia wimbo wa msafara kilimani siku za Jumanne, naongeza nguvu kwenye jembe ili nisisikie. Yeye alikuja mara tatu na dagaa wake nikajificha ghalani. Mara ya nne akasimama uani akapaza sauti, "Ujifiche usijifiche, mimi sijui kula ulezi peke yangu!" Nikacheka humo humo ndani, nikajifichua.

Akasoma mpaka akawa muuguzi. Akaolewa, akazunguka, mwisho akarudi kukaa hapa Sumbawanga. Mimi nilishahamia hapa hapa mtaa wa Milanzi kwa binti yangu. Kila Jumapili baada ya Misa alikuja na fimbo yake, na hakupiga hodi. Alisimama njiani akaniita kwa jina langu, lile la ubatizo, kwa sauti ya darasani, mpaka majirani wakashtuka kujua kumbe nina jina. Maana nani mwingine angeliita? Kwa mume wangu nilikuwa Mama Fulani. Kwa binti yangu ni Mama. Kwa mtaa mzima ni Bibi. Nikiumwa, hata zahanati wanasema "Bibi, pita huku." Tulikaa barazani tukahesabu daftari la darasa: huyu alikufa, huyu tulisikia yuko Kabwe, huyu naye amekufa. Tukabaki wawili, thelathini na moja na thelathini na mbili.

Mwaka juzi, kipupwe kilipokuwa kikali, akatangulia.

Shule yetu nilikwenda kuiona; sasa ina mabati na uzio. Kilima cha msafara kimejengwa nyumba hadi juu, na bustani ya mwalimu sikuona hata ilipokuwa. Niliuliza mlinzi, akasema, "Bustani ipi, Bibi?"

Ndiyo maana Jumamosi ile niliweka ungo chini. Nikamwambia mjukuu, "Lete daftari. Andika ninayokutajia." Sasa hakuna mkubwa wangu aliyebaki, kama marehemu watageuka, acha wageuke, nitafurahi kuwaona. Nikamtajia wavulana wote ishirini na wanane, halafu sisi wanne. La mwisho nililitaja polepole, likasikika kinywani mwangu kama la mgeni.

"Sasa soma," nikamwambia. "Simama usome kama mwalimu."

Akasimama, khanga mabegani, akaona ni mchezo mzuri. Akasoma. Alfonsi. Bonaventura. Desideri. Kila jina niliona dawati lake na kiazi chake. Upepo ulikuwa unapeperusha makapi ya ulezi barazani, na hakuna aliyejibu.

"Thelathini na moja, Skolastika."

Nikatazama njiani. Unajua tena, mazoea.

"Thelathini na mbili..." Akanitazama, akatazama daftari, akacheka kwa aibu. "Bibi, hili siwezi."

"Soma tu. Nimekuruhusu mimi."

"Ni la kwako, Bibi. Mama akisikia nimekutaja jina, atanichapa." Mtoto yule yule aliyekuwa akitafuna karanga na majina ya marehemu wa watu! Nikataka kumlazimisha. Nikamwona amefumba midomo kabisa, macho chini, vile vile kama mtu ninayemfahamu aliyesimama mbele ya ubao.

Akafunika daftari, taratibu.

"Nipo, mwalimu," nikasema, nikavuta ungo wangu.